Barua Isiyo Yako



Kabla sijaanza, kila mwenye simu aitazame upande wa ujumbe mfupi. Sina haja ya kuhesabu mikono, najua wengi humu mmewahi kupokea ule usemao, "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la fulani." Mnacheka kwa kuwa mnaujua. Wengine mnacheka kwa chini chini kwa kuwa mlituma.

Mwizi anayeutuma ujumbe huo hakusomea isimu, lakini neno lake la kwanza limepimwa. Hakuandika "hela". Kaandika "ile hela". Hiyo "ile" inadai kwamba mazungumzo yalishafanyika, makubaliano yapo, na mtu fulani anasubiri. Mwenye kodi ya nyumba iliyochelewa anausoma na papo hapo anaziba pengo mwenyewe: kumbe baba mwenye nyumba kabadilisha laini. Hadithi nzima imetungwa na msomaji. Mwizi katoa neno moja.

Nimealikwa kusema juu ya barua pepe, kanzidata na mitandao iliyomo ndani ya gemu za kompyuta. Nazungumzia ile kompyuta ya kuchorwa, iliyo juu ya meza ya kuchorwa, ambayo mchezaji anaiwasha na kusoma barua za watu ambao hawakuwahi kuwepo. Nimezisoma barua hizo kwa zaidi ya miaka 20, nyingine kwa makini kuliko nyaraka za ofisini kwangu. Nimefika mahali pa kuamini kwamba zinajenga dunia pale tu zinapokuwa hazikuandikiwa mchezaji. Fasihi yetu inaijua nguvu ya barua iliyosomwa na asiyeandikiwa: katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, barua ya Charles kwa Rosa inafika mikononi mwa Zakaria, baba mtu, na kutoka hapo nyumba haitulii tena.

Mwaka 2000 kampuni ya Ion Storm, tawi la Austin, Texas, ilitoa gemu ya Deus Ex, kiongozi wa kazi akiwa Warren Spector. Mimi niliipata miaka mitatu baadaye kwa CD ya kunakili kutoka Kariakoo, na kama yupo mwanasheria humu aniwie radhi. Mwaka ndani ya gemu ni 2052. Wewe ni JC Denton, ajenti mpya wa UNATCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kupambana na magaidi, chenye makao yake kwenye kisiwa cha Sanamu ya Uhuru, New York. Saa nzima ya kwanza unanyatia gizani, unapiga risasi au unakwepa. Kisha unaingia ofisini, na ghafla hakuna wa kumpiga. Kuna korido, kuna wafanyakazi wenzako, kuna meza yako, na juu yake kompyuta yako. Jina la kuingilia ni jcd. Nywila ni bionicman.

Nilisimama hapo muda mrefu. Ajenti wa siri wa mwaka 2052, mwili umejaa mitambo midogo isiyoonekana kwa macho, na nywila yake ni ya kijana wa kidato cha pili! Lakini ndivyo nywila zilivyo. Ni wasifu wa mtu kwa neno moja, alioutunga akiamini hakuna atakayeusoma. Mwandishi wa riwaya hutumia kurasa tatu kukueleza kwamba mhusika wake ana majivuno kidogo na upweke kidogo.

Nilipomaliza barua zangu nikaenda kwenye meza za wenzangu. Gemu inaruhusu: ukijifunza kudukua, unaingia kwenye kompyuta ya jirani kwa muda mfupi kabla mashine haijakushtukia. Hata ATM zimo, na namba za siri za watu unaziokota kwenye vibao vya maandishi walivyovisahau. Niliyoyakuta humo yalikuwa ya ofisi yoyote: mtu ana malalamiko, mtu anakumbushwa utaratibu, mtu anamsengenya mtu. Ukiingia choo cha wanawake, mkuu wako wa kazi anakukaripia baadaye. Gunther Hermann, askari aliyekatwa nusu mwili na kuwekewa vyuma, ana kesi na mashine ya soda: alitaka chungwa ikampa ndimu, na yeye anaamini fundi wa matengenezo alifanya makusudi. Gemu nzima inahusu njama za kuitawala dunia, na huyu bwana njama anayoiona ni ya soda. Siku ilipofika ya kupigana na Gunther nilikuwa tayari namjua, na mkono ulikuwa mzito.

Nieleze desturi hii ilitoka wapi, maana haikuanzia kwenye nadharia. Ilianza na shida ya kiufundi. Mwaka 1992 kundi la vijana wa Massachusetts, ambao baadaye walijulikana kwa jina la Looking Glass, walitoa Ultima Underworld. Humo ulizungumza na watu kwa kuchagua jibu kwenye orodha: moja, mbili, tatu. Wenyewe hawakuridhika. Unatembea kwenye pango lenye kutisha, unamkuta mtu, na mara dunia inasimama ili ujaze fomu. Walipotengeneza System Shock, iliyotoka 1994, wakaamua jambo ambalo ukilisikia unacheka: waue watu wote. Kituo cha anga cha Citadel kina akili ya mashine iliyoasi, SHODAN, na wewe unaamka wafanyakazi wakiwa wamekwisha kufa au wamegeuzwa kuwa kitu kingine. Kilichobaki ni rekodi zao. Austin Grossman, mmoja wa waandishi wake, amewahi kutaja kuwa waliichukua njia hiyo kutoka Spoon River Anthology ya Edgar Lee Masters, kitabu cha mashairi cha 1915 ambamo maiti wa mji mdogo wa Illinois wanasimulia kila mmoja kutoka kaburini kwake.

Wanahistoria mliomo humu mnaijua hali hiyo kuliko mimi. Barua kongwe za Kiswahili zinazofahamika ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, na leo zinakaa kwenye hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Anayezifungua anakutana na watu wanaotajana kwa majina bila kutambulishana, kwa kuwa wao walijuana. Hakuna aliyeandika, "Kwa faida ya msomaji wa mwaka 2000 na kitu, fulani huyu ni mjomba wangu." Mtafiti anaanza kuunganisha: huyu anamwogopa yule, jambo hili wote wanalijua hawalisemi. Mchezaji kwenye korido za Citadel anafanya kazi hiyo hiyo, tofauti ni kwamba yeye anafukuzwa na roboti.

Kuna kichekesho kidogo nisikipite. Katika System Shock mlango wa kwanza wa namba unafunguka kwa 451, na Spector amesema namba hiyo ilikuwa ya mlango wa ofisi ya Looking Glass wenyewe. Deus Ex ikaitumia. Prey ya mwaka 2017, iliyotengenezwa na Arkane, ikaitumia. Sasa mchezaji mzoefu akikuta kitasa cha namba anajaribu 0451 kabla ya kutafuta karatasi. Hiyo nayo ni barua, mafundi wanaandikiana wao kwa wao juu ya vichwa vyetu.

Prey hiyo hiyo ilifanya jambo la kimasjala ambalo nalistahi sana. Kwenye vyumba vya usalama vya kituo cha anga cha Talos I kuna orodha ya wafanyakazi, kila mmoja kwa jina, na unaweza kumchagua yeyote ukaoneshwa alipo. Maiti unayoikanyaga korido si maiti tu, ina jina, na jina lina barua, na barua inataja mtu aliye ghorofa nyingine ambaye naye unaweza kumtafuta. Orodha ya majina pekee, bila sentensi hata moja ya hadithi, inakufanya umtafute mtu usiyemdai kitu.

Hapo ndipo kanzidata inapoanza kuwa kitu kingine na barua kitu kingine. Barua ina mwandishi. Kanzidata ina mpangilio, na mpangilio nao una siri. Aliyewahi kufuatilia faili masjala anajua: jalada lipo, halijapotea, ila linapatikana kwa yule tu anayejua limeandikwa jina gani mgongoni.

Mwaka 2015 Sam Barlow wa Uingereza alitengeneza gemu nzima juu ya jambo hilo. Her Story inakuweka mbele ya kompyuta kuukuu ya polisi. Ndani yake kuna mahojiano 7 ya mwaka 1994 na mwanamke mmoja, anayeigizwa na Viva Seifert, yaliyokatwakatwa kuwa vipande 271 vya video. Kisanduku cha kutafutia kinakusubiri, na neno la kwanza limeshawekwa: mauaji. Unaandika neno, mashine inakuletea vipande ambamo mwanamke analitamka. Lakini inakuonesha vitano tu, vya mwanzo kwa tarehe. Kwa hiyo neno la kawaida halikufikishi popote, linakurudisha kila mara kwenye mahojiano ya kwanza ambako anasema kidogo. Ya mwisho, yenye uzito, yamefunikwa na wingi. Unahitaji neno adimu, na neno adimu unalipata kwa kumsikiliza, kwa kunasa jina la mahali au kifaa alichokitaja juu juu tu.

Naomba nikae hapa kidogo, maana nilipoicheza nilipata wazo lililoninyima usingizi. Je, ingekuwaje kwa Kiswahili?

Mwingereza anaandika kitenzi chake kifupi cha kuua na mambo yanaanza kuja. Chetu hakikai peke yake. Nilimuua. Hakumuua. Aliuawa. Waliuana. Angemuua. Mashine inayotafuta neno zima ingemwacha mchezaji mikono mitupu. Tukiibadili itafute kipande cha neno, akaandika "ua", italeta jua, mvua, maua, kununua na kuchukua; mshukiwa ataonekana mtu wa bustani. Mtengenezaji mvivu angesema Kiswahili hakifai kwa gemu ya namna hii. Mimi naona kinafaa kupita kiasi. Fikirini mchezaji anayegundua kwamba anaweza kuandika "nilim" peke yake na kuletewa kila alichokiri mwanamke huyu kumtendea mtu. Akiandika "ange", anapata majuto na visingizio. Akiandika "tuli", anapata sehemu ambazo, kwa kuteleza ulimi, hakuwa peke yake. Sarufi inageuka kuwa tochi ya mpelelezi.

Na kuna zawadi nyingine. "Alikuja usiku akakaa nje mpaka asubuhi." Nani? Mwanamume au mwanamke? Mwingereza hana budi kusema, na akisema nusu ya fumbo imekwisha. Sisi tunaweza kuendesha gemu saa nne nzima bila kulisema na bila hata kuonekana tunaficha. Vijana wa kompyuta mlio nyuma pale, sijaona gemu hiyo. Nikiiona nitainunua kwa bei yake halali.

Mtandao nao? Mfano ninaoupenda ni Uplink, ya mwaka 2001, ya Introversion, kampuni iliyoanzishwa na wanafunzi wa Imperial College, London. Haina askari wala korido. Ina ramani ya dunia na mistari. Wewe ni mdukuzi wa kukodiwa. Kazi zinakuja kwa barua pepe, malipo yanaingia benki iliyomo mle ndani, na watu hujui sura zao. Unaingia kwenye kanzidata ya vyuo kumpa mtu shahada ambayo hakuisomea, au kwenye ya polisi kumwandikia rekodi ya uhalifu mtu ambaye hujui kakosa nini. Unajipitisha seva hii na ile ili usifuatwe, na kifaa cha kukushtua kinalia kwa kasi zaidi na zaidi kadiri wanavyokukaribia. Ukitoka lazima ufute kumbukumbu za kuingia kwako. Mara ya kwanza nilisahau. Nilishangilia malipo, nikazima, nikaenda kulala, na kesho yake katika gemu nikafukuzwa. Nilikuwa nimesoma faili za watu usiku kucha bila kufikiri kwamba na mimi nilikuwa naandikwa, na kwamba kuna mwingine angekaa asubuhi kunisoma.

Sitachukua muda kwenye gemu ambazo wachezaji ni watu halisi wanaoandikiana, ingawa nitaje jambo moja. Katika World of Warcraft, iliyotoka 2004, ukimtumia mchezaji mwenzako kifurushi kwa sanduku la posta kinachukua saa moja kufika. Mashine ingeweza kukifikisha kabla hujapepesa. Waliamua kukichelewesha, na kuchelewa huko kumetengeneza umbali ambao ramani peke yake isingeutengeneza.

Gemu iliyonifundisha zaidi ni ndogo na ya bure. Christine Love, wa Kanada, aliitoa mwaka 2010 kwa jina la Digital: A Love Story. Imewekwa mwaka 1988: unapewa kompyuta na modemu, unapiga namba za simu kuingia kwenye mbao za matangazo za siku zile, na kila simu ya mbali inakulazimu kuiba namba za kadi za watu. Unakutana na msichana anayeandika mashairi. Unamjibu. Ila majibu yako huyaoni. Unabofya kitufe cha kujibu, basi. Ulichokiandika unakijua kwa kusoma anachokujibu: anashukuru kwa jambo ulilomwambia, anaona haya kwa swali ulilouliza. Nilijikuta nasoma barua yake mara ya pili nikitafuta maneno yangu mwenyewe. Ni "ile hela" kabisa, lakini safari hii mtu wa upande wa pili alikuwa mkweli, na mimi ndiye niliyejaza.

Sasa malalamiko yangu, maana nayo nimeyabeba. Gemu nyingi zimeichukua desturi hii kama mtu anayetia chumvi bila kuonja. Unaingia chumbani, kuna kompyuta, kuna barua: "Mpendwa mwenzangu, kama ujuavyo, kampuni yetu ilianzishwa miaka 50 iliyopita ili…" Kama ajuavyo, mbona unamwambia? Au barua inayosema namba ya mlango ule pale ni fulani, tafadhali usisahau, na mlango wenyewe uko hatua tatu. Hiyo imeandikiwa mimi. Mwandishi kanichungulia begani, na nyumba yote ikageuka kuwa mbao zilizopakwa rangi.

Lipo na jingine linalotuhusu hapa. Nendeni kwenye kibanda chochote cha gemu mtaani mkaone nani anazisoma hizo barua. Mtoto kalipia dakika zake, foleni iko nyuma yake, maandishi ni ya Kiingereza, tena madogo. Anabofya, anapita. Simlaumu. Kizingiti kiko ndani zaidi ya hapo. Katika Animal Crossing ya Nintendo unaweza kuwaandikia barua majirani zako wanyama, na katika toleo la GameCube barua hupewa alama: mashine inaangalia herufi kubwa, alama za uakifishaji, na kama herufi tatu tatu za mwanzo wa maneno zinafanana na zile za maneno ya Kiingereza. Andika Kiswahili safi, na salamu zote, na kuulizia hali ya watoto. Unapimwa kwa mizani iliyotengenezwa kupima kitu kingine.

Walijaribu pia kuigeuza njia, gemu iwaandikie wachezaji majumbani. Electronic Arts walitoa Majestic mwaka 2001: ulilipia, kisha ukaanza kupokea barua pepe za kweli, simu za kweli, hata faksi, kutoka kwa watu wa kubuni waliodai wako hatarini. Baada ya Septemba 11 waliisimamisha kwa muda, na mwaka uliofuata ikafungwa. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini mimi nashikilia kuwa barua inayokuja kwangu kwa jina langu inaniuliza swali moja tu, nalo ni kama ni ya kweli. Ile ya Gunther wala haikuniuliza.

Wafaransa wa Accidental Queens walipata njia nzuri zaidi mwaka 2017, kwa gemu ya A Normal Lost Phone: umeokota simu, na yote yaliyomo ni ya mwenyewe. Ningekuwa na umri wenu ningeanzia hapo, ila kwa simu iliyookotwa chini ya kiti cha daladala, Ubungo. Kundi la familia la WhatsApp ningeliweka, lakini baadaye. Ningemfungulia mchezaji kwanza taarifa za miamala ya pesa kwa simu, kwa sababu sisi tumekuwa tukiandika maisha yetu humo tangu 2007 Kenya na 2008 hapa, bila kujua tunaandika. Umetuma shilingi 50,000 kwa Mwanaidi, tarehe 28 Januari. Umetuma shilingi 50,000 kwa Mwanaidi, tarehe 28 Februari. Machi hivyo hivyo. Aprili hakuna kitu. Mei hakuna kitu. Juni tarehe 3, saa tisa usiku, jina jingine, namba isiyohifadhiwa, shilingi zile zile 50,000.